Droo ya Mwalimu Ruka

Chumba cha masomo ya ziada kilikuwa nyuma ya duka la vitabu, na juu ya ubao wake mwalimu aliandika kwa rangi ya buluu, miaka kumi na tisa iliyopita: SWALI LIKIKUSHINDA, RUKA, UTARUDI. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Ruka, mwanzoni kwa kificho, mwishowe hata wazazi wakawa wanabisha hodi na kuuliza, "Mwalimu Ruka ndio hapa?" Naye akaitika.

Maneno yale yalikuwa na faida. Mtihani wa kuingia chuoni ulikuwa wa karatasi, saa tatu mfululizo, na aliyeng'ang'ania swali moja kama kupe aliishiwa muda maswali rahisi yakiwa bado mbele yake. Mwanafunzi aliyeyashika kuliko wote alikuwa binti wa kaka yake. Mwaka jana binti huyo alikosa chuo cha upimaji ardhi kwa alama mbili, na baba yake alisema safari hii ndiyo ya mwisho.

Kisha ukaja waraka. Mtihani utafanywa kwenye kompyuta, umegawanywa vipande sita vya nusu saa, na muda wa kipande ukiisha kinajifunga. Mwalimu alipigia mstari neno "kompyuta", akahangaika na hilo tu. Alikwenda kwa mwenye duka la uchapaji la jirani, lenye kompyuta nane, wakapatana Jumamosi asubuhi. Wiki tatu aliwazoesha vijana kipanya na kibodi, akaridhika.

Jumamosi ya nne wakafanya jaribio kamili. Kipande cha kwanza kilipojifunga, binti aliinua mkono.

"Mwalimu, maswali yangu manne yamekwenda wapi?"

"Yapi?"

"Niliyoyaruka. Nilikuwa narudi."

"Yamekwenda kuoga," akadakia kijana mmoja mchekeshaji. "Hata yangu saba yamefuatana nayo."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alizunguka kompyuta zote nane, akaandika kwenye daftari lake kila nafasi iliyoachwa wazi: thelathini na moja. Vijana hawakukosea. Walifanya vile vile alivyowafundisha. Walidhani wana asubuhi nzima ya kurudi.

Walipotoka, binti alimfuata.

"Shangazi, usinune. Bado wiki tano."

"Sijanuna. Najisikia mjinga, ni tofauti."

"Basi jisikie mjinga huku unatembea, jua kali."

Jumatatu Mwalimu Ruka alikata mitihani ya zamani kwa mkasi, kila mmoja vipande sita. Akaweka saa mezani. Nusu saa ikitimia, alizikusanya karatasi bila huruma, akazitia kwenye droo na kugeuza ufunguo.

"Mwalimu, neno moja tu!" mchekeshaji alilia, kalamu ingali hewani.

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mimi sijamwaga, umenipokonya kikombe!"

Binti alitoa mkono. "Nirudishie yangu. Manne tu, nayajua sasa."

"Karatasi hii utaiona siku ya matokeo."

Siku ya kwanza, wengi walipoteza maswali zaidi ya manne. Lakini mazoea hujenga tabia. Wakajifunza kuruka na kuweka alama pembeni, wakabakiza dakika sita za mwisho kurudia ndani ya kipande kile kile, na lililogoma kabisa wakalikisia, kwa kuwa jibu baya halikukatwa alama. Wiki ya tano mwalimu alihesabu nafasi wazi za darasa zima, akapata mbili. Zote za mchekeshaji, aliyesinzia.

Siku ya mtihani mwalimu alifagia chumba mara mbili, akapanga viti vilivyokwisha kupangwa. Saa saba binti akaingia, begi begani.

"Kipande cha tatu kilikuwa na maumbo, shangazi. Nikaruka matano."

Mwalimu akakaa. "Halafu?"

"Halafu nikasikia ufunguo wako kichwani. Nikarudi. Zilibaki sekunde tisa."

Matokeo yalitoka mwezi uliofuata, kwenye simu ya kaka. Alama kumi na moja juu ya kiwango cha chuo cha upimaji. Kaka alipiga simu akitaka kusema mengi, akaishia kusema, "Dada, ahsante," mara nne.

Jioni binti alikuja kudai haki yake. Mwalimu akafungua droo, akachambua mpaka akaipata karatasi ya Jumatatu ile. Binti aliyajibu maswali manne akiwa amesimama, karatasi ameibana ukutani.

"Sahihisha."

Mwalimu akavaa miwani. Matatu yalikuwa sawa.

"Hili la mwisho umekosa."

"Ningeruka tu hata hivyo," binti alisema.

Mwalimu Ruka alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Kesho yake alinunua kopo dogo la rangi ya buluu, akapanda juu ya kiti, na chini ya maneno yake ya zamani akaongeza: KABLA DROO HAIJAFUNGWA.