Uji Uliopoa

Kwa Bertilla, chakula cha mume kilitoka jikoni kikiwa moto. Ugali uliopoa alipewa mtu asiyetakiwa. Kwa hiyo mumewe Felisian aliporudi nyumbani Izia kutoka Dar es Salaam, ambako koo lake lenye saratani lilipigwa mionzi wiki sita, alimtengea ugali wa ulezi unaofuka mvuke.

Felisian alimega tonge, akalitia mdomoni, akalitemea kiganjani. Kinywa kilikuwa chekundu kama nyama mbichi, ulimi umejaa vidonda. Kusema kulimuuma, basi hakusema. Akaisukuma sahani.

Siku tatu aliisukuma. Siku ya nne, bombani, Bertilla akasikia kwamba mumewe hunywa uji kwa Rahel, mjane wa Kisukuma anayefuga ng'ombe mwisho wa mtaa.

"Kikombe kizima anamaliza," alisema jirani yake Dominika, akijitwisha ndoo. "Labda wako hauna sukari, mama Zenon."

"Sukari ninayo. Sina ng'ombe."

Alirudi maji yakimchuruzika mgongoni. Miaka ile malori yalijaza soko mitumba na vitenge, wanawake wakajipamba, na hakuna nguo ya yeyote kati yao iliyowahi kumtia wivu juu ya mumewe. Lakini kikombe. Mwanamume akilala nje, njaa itamrudisha. Akishiba nje, anarudi kufuata nini?

Akaiacha ndoo mlangoni, akaenda.

Felisian alikuwa kwenye kigoda uani kwa Rahel, akisukutua na kutema.

"Shikamoo, mama," alisema Rahel.

Bertilla hakuitikia. "Unamlisha nini mume wangu?"

"Kwanza anasukutua. Maji yaliyochemka yakapoa, na chumvi kidogo. Asubuhi mpaka jioni, mara nyingi. Halafu uji mwepesi wa maziwa, wa baridi. Baba yangu naye alipigwa mionzi hiyo. Cha moto, pilipili, pombe, vyote vilimliza. Huyu nilimwona midomo tu alipopita, nikajua."

"Mimi nimempa cha moto siku zote hizi."

"Hata sisi tulianza hivyo, mama."

Bertilla akamgeukia mumewe. "Mbona hukuniambia?"

Felisian alimeza mate kwa shida. "Nikuombe chakula kilichopoa? Ungeona nimekudharau."

"Na kwake?"

"Kwake mimi ni mgeni. Mgeni hunywa anachopewa."

Bertilla alikitazama kikombe cha bati kilichokuwa kando ya kigoda. "Marahaba," akamwambia Rahel hatimaye, akaondoka.

Mchana huo alipika uji, akauchuja, akauweka dirishani. Akakaa mbele yake, mikono mapajani, akiuangalia ukipoa. Mara mbili alinyanyuka aurudishe motoni. Mara mbili akakaa.

Felisian alisukutua kwa chumvi ya nyumbani kwake, kisha akanywa polepole, machozi yakimlengalenga, mpaka kikombe kikawa kitupu. Bertilla alikichungulia ndani kuhakikisha.

"Na wa Rahel ukoje?"

Felisian alifikiri. "Una maziwa."

Bertilla akakifuta kikombe kwa ncha ya kanga. "Kesho maziwa nitayafuata mimi," alisema. "Wewe utakaa hapa."