Suti Moja ya Marehemu Wote

Kama umewahi kufika kwenye msiba Kariakoo, ukaona picha mbele ya jeneza, marehemu kavaa suti ya bluu na tai nyekundu, basi umeshayaona mabega ya Kasmir. Suti aliiazima kwa harusi ya kaka yake, akapigwa picha, akajikata kichwa kwenye kompyuta. Tangu hapo kila marehemu ambaye picha yake ililetwa kwenye duka lake la picha, Mtaa wa Mchikichi, akiwa amevaa fulana, alivikwa mwili huo. Wauza vitenge, makuli, hata mwinjilisti mmoja mwembamba kama ufito, wote walikwenda mbele za Mungu na kifua kimoja.

Kisha ikaja akili mnemba. Watu wakawa wanamletea kadi za harusi zimeshaiva kwenye simu, yeye kazi yake kuchapa tu. Alikuwa anazikagua akitafuta kosa la mashine, kidole cha sita mkononi. Akikipata, anafurahi siku nzima.

Asubuhi moja akaingia Ritha na mama yake. Baba yake Ritha, mzee Beno, kuli wa maghala ya nguo, alikuwa anazikwa mchana huo.

"Shikamoo, mama. Poleni."

"Marahaba, baba. Tushapoa."

Ritha akatoa simu. Humo mzee Beno alikuwa anang'aa ndani ya suti ya kijivu, meno kama vigae. "Nimeitengeneza mwenyewe kwa akili mnemba. Chapa tu, kaka. Ukoo mzima umeipenda, mama peke yake ndiye anagoma."

"Ukoo haukulala naye," mama alisema. "Huyo mchungaji wenu wa kwenye simu simjui. Aliyenioa mimi jicho la kushoto lilikuwa limelegea. Siwezi kumlilia mgeni."

Roho ya Kasmir ikacheza. Leo mashine inaumbuka. Akaomba picha halisi, wakampa moja ambayo Beno amesimama na singlendi mlangoni. Akakata kichwa, akakibandika juu ya mabega yale ya siku zote, akaupunguza weusi wa uso kidogo, na mkono wake, bila kuagizwa, ukalinyanyua lile jicho likalingana na mwenzake.

"Na huyu naye nani?" mama akauliza. "Halafu hiyo si suti ya marehemu Aristides?"

"Na ya Samson pia, mama," Ritha alisema, akaziba mdomo kwa khanga.

Kasmir akaondoa mkono kwenye kipanya. Alikuwa ameandaa matusi ya kuitukana mashine kwamba ni mwongo, sasa hakujua ayapeleke wapi. Kumbe yote iliyoyafanya, yeye aliyafanya mtaani kabla haijazaliwa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anachelewa kumaliza tu. Na hakuna aliyewahi kumgomea, labda kwa sababu hakuwahi kumkalisha mjane mbele ya skrini.

Akalirudisha jicho lilivyokuwa. Akaurudisha weusi.

"Suti je, mama?"

"Ile ya kwenye simu. Inamkaa."

Ilimuuma, lakini akaichukua. Shingo ikaingia bila hata kurekebishwa, na hilo likamuuma zaidi.

Mama akavuta kiti, akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akaupangusa kwa ncha ya khanga, akalitazama lile jicho. Machozi yakaanza.

"Haya, Baba Ritha," akaiambia picha. "Twende, watu wanasubiri."