Chupa ya Damu ya Mama

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali ya Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sikugusa hadubini wala dawa. Mkuu wa Maabara alinipa kalamu na rundo la vibandiko, akaniamuru niandike majina ya wagonjwa hadi saa sita. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya, nikaona ananidharau. Alikuwa mtu mfupi, koti lake jeupe limepigwa pasi kila siku, na maswali hakuyapenda. "Bwana, ukiandika jina moja vibaya hapa, umeua mtu kule wodini," alisema. "Na hakuna polisi atakuja kukushika."

Nyinyi vijana wa leo mnaweka damu kwenye mashine, kisha mnakwenda kunywa chai. Sisi tulitegemea jicho. Malaria tuliitafuta kwenye slaidi, tone kwa tone, mpaka shingo inakaza. Damu ya kuwaongezea wagonjwa ilikaa katika friji moja tu, na waliolijaza friji hilo ni wanafunzi wa sekondari, kwa sababu watu wazima wa kwetu walikimbia sindano. Shule zikifungwa, friji linabaki karibu tupu.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa kituo cha afya upande wa Pap Onditi. Maabara yenyewe ilikuwa meza moja na dirisha, maana hadubini ya pale ilitumia kioo kuvuta mwanga wa jua. Mawingu yakitanda, kazi inasimama. Mganga Msimamizi alinihimiza niwe na subira, ingawa yeye mwenyewe hakuwa nayo hata chembe. Kisha nikarudishwa Kisumu, safari hii kwenye meza ya damu, na hapo ndipo yaliponikuta haya.

Kwanza niseme juu ya Ouma, mdogo wangu, fundi wa baiskeli. Mchana mmoja kule mtaani Kaloleni, mwanamume aitwaye Ogola aligombana naye juu ya baiskeli, na aliposhindwa kwa maneno akapaza sauti kwamba Ouma ni mwizi. Mnajua neno hilo linafanya nini mjini. Ouma hakufika hospitali akiwa hai. Ogola alipelekwa kortini, akaachiliwa, kwa kuwa hakuna aliyemwona akirusha hata jiwe moja. Nilimchukia mtu yule kwa bidii. Kusema kweli, nilimchukia hata nikiwa kanisani.

Mwaka uliofuata, likizo ya Agosti, fomu ya kuomba damu ililetwa mezani kwangu asubuhi. Lori limepinduka, mgonjwa ni mwanamume, bandama imepasuka, wanamshikilia kwa dripu na daktari wa upasuaji anangoja. Nikasoma jina, nikalisoma tena. Alikuwa Ogola. Nilipima kundi lake nikakuta ni O, na mtu wa O hupokea O tu. Kwenye friji zilikuwapo chupa za A peke yake. Jamaa zake walikuwa ng'ambo ya ghuba, na mimi mwenyewe ni A. Niliandika "Hakuna damu," nikapiga muhuri, na sikuwa nimesema uongo hata kidogo.

Saa saba nilikwenda kula nyumbani Nyalenda. Mama, aliyekuwa akiishi nami tangu msiba, alianza kunipakulia. Nikamsimulia habari ile, na nakiri nilisimulia kwa furaha. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaniuliza mtu yule ni kundi gani. La kwake alilijua, kwa sababu nilimpima zamani nikiwa mwanafunzi. Lilikuwa O. Akaanza kufunga kitambaa kichwani.

Nilipigwa na butwaa. Kwetu, nyumba ya aliyeuawa na nyumba ya aliyeua haziruhusiwi kula pamoja kabla wazee hawajazitakasa. Anayevunja mwiko huo hupatwa na chira, laana inayommaliza mtu polepole. Na huyu mama yangu alitaka kumpa Ogola damu ile ile iliyomzaa Ouma. Nilimwambia waziwazi kwamba amerukwa na akili.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "kila Jumapili naomba Mungu anisamehe vile mimi nasamehe. Leo ananiuliza kama nilikuwa namdanganya."

Tulirudi naye hospitali, nikamtoa damu kwa mikono yangu hii. Ikabaki kazi ya kuioanisha, na Mkuu wa Maabara alikuwa mkutanoni. Unachukua seli za mtoaji, unazichanganya na majimaji ya damu ya mpokeaji, unaziweka kwenye maji vuguvugu, unazizungusha, kisha unatazama. Zikishikana madonge, damu hiyo itamwua mgonjwa. Zikitulia laini kama uji uliokorogwa vizuri, inafaa. Niliinama kwenye hadubini nikiomba madonge. Ndiyo, niliomba, mimi mwimbaji wa kwaya. Ilikuwa laini.

Hapo nilishtuka kuliko siku zote za maisha yangu, maana nilipotazama fomu, mkono wangu ulikuwa umekwisha kuandika "Haioani." Hakuna ambaye angejua. Mama mwenyewe angeamini, angerudi nyumbani akiwa ametimiza wajibu wake, na Ogola angekufa kwa kalamu yangu. Nililitazama neno lile kwa hofu. Kisha nikalikata kwa mstari mmoja, nikaandika "Inaoana," nikatia sahihi, nikaipeleka chupa chumba cha upasuaji mwenyewe, mbio.

Ogola alipona. Mama alikataa aambiwe damu ilitoka kwa nani. Baba mdogo alikuja kutoka kijijini kumgombeza, akasema mama ataimaliza nyumba yetu kwa chira, naye mama akamtengea chai.

Nilistaafu mapema, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wengi huniuliza kipimo kigumu kuliko vyote, wakitegemea nitaje ugonjwa. Mimi huwaambia habari ya fomu ile, na bado huniogopesha kuitaja.

Mama alipokuwa mgonjwa, karibu na kufa kwake, nilimwuliza kwa nini siku ile hakwenda nyumbani baada ya kutoa damu. Alikuwa amekaa nje ya mlango wangu, macho ameyafumba, mpaka nikatoka na chupa. Nilimwambia nilidhani anamwombea Ogola.

"Ogola alikuwa na daktari," akasema. "Nilikuwa nakuombea wewe."