Kifungu cha Msiba

Saa tatu asubuhi, Jumatano, Kisauni. Kuluthum Badawi amekaa mkekani uani kwake, kalamu mkononi, lakini macho yake hayako kwenye karatasi. Yako ukutani. Upande wa pili amelala jirani yake, Bi Mwanatatu, mgonjwa wa mwezi mzima. Bi Mwanatatu akikohoa, Kuluthum huandika mstari wa nakala ya mkataba. Akinyamaza, kalamu husimama.

"Leo sikai, sisimami," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Jumamosi kuna harusi nyumba ya tatu kutoka hapa. Na kwa ada yetu, mtu akifa mtaani ngoma haipigwi."

Kuluthum, mwenye miaka thelathini na minne, huandika mikataba ya biashara ndogo ya shangazi yake, Bi Ruwaida, anayesimamia harusi za watu: mapishi, turubai, taa za karabai, waimbaji. Kila mkataba humpa shilingi tano. Mwandiko alifunzwa na babake, mwalimu wa chuo cha Kurani, na ni mzuri kuliko wa makarani wengi wa Mjini.

Zamani neno la mdomo lilitosha. Mwaka jana, 1961, halikutosha. Waimbaji walifika harusini wakakuta jirani amefariki. Walidai ujira wao. Mwenye harusi akasema hakuimbiwa. Bi Ruwaida alilipa shilingi mia na themanini, akauza taa nne.

"Ikitokea tena, tumefunga," Kuluthum anasema.

Ndiyo maana sasa kuna kifungu cha msiba: ukitokea, mwenye harusi atawapa waimbaji nusu ya ujira, warudi kwao. Kiongozi wao, Jamaludin, ameshatia sahihi. Anangoja karatasi kabla ya adhuhuri, la sivyo atachukua harusi nyingine, Changamwe.

Kilichobaki ni alama ya kidole cha Bi Mishi, mama wa bibi harusi. Anaingia, anakaa, anasomewa. Kwenye kifungu hicho anainuka.

"Kuluthum mwanangu, karatasi ya harusi waitia mauti? Wallahi sitii kidole. Huko ni kuyaita."

"Bi Mishi, mimi siiti kitu. Naandika tu."

"Na wamwandika nani, kama si wa hapo?" Bi Mishi anaonyesha ukuta kwa kidevu.

Kuluthum anainamisha kichwa. Aibu imemshika, na mwandishi wa habari hii naye hajui atazame wapi.

Ndipo sauti inapotoka ng'ambo ya ukuta. "Kuluthum!"

"Abee, Bi Mwanatatu!"

"Mwanisema na jina hamnitaji. Njooni."

Wanamkuta ameegemea mto, amekonda, macho makali. Anataka asomewe kifungu chote. Kisha anamgeukia Bi Mishi.

"Huyo bibi harusi nilimpokea kwa mikono hii siku uliyomzaa. Ngoma yake naitaka kuliko wewe. Lakini mauti hayangoji mwaliko. Tia kidole, nami n'tie changu, nisije nikawa mgomvi wa harusi nami nimo kaburini."

Bi Mishi analia kwa sauti, kisha anatia kidole. Bi Mwanatatu anatia chake chini kabisa, halafu anadai kahawa.

Kabla ya adhuhuri karatasi imemfikia Jamaludin. Kuluthum amerudi mkekani, anaeleza mpango wake: kifungu hicho akichapishe Mjini, kiwe kwenye fomu za harusi zote. "Asiulize mtu tena anayeandikwa ni nani. Inshallah, baada ya harusi hii."

Mara anakatiza maneno. Ukuta umenyamaza. Anainuka nusu, mkono kifuani.

Kikohozi kinakuja, kirefu na kikavu. Kuluthum anakaa.

"Alhamdulillahi," anasema. "Bado siku tatu."