Bia ya Kwanza ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa mwisho alinipigia simu katikati ya wiki. "Dada, Jumamosi njoo Tanga tule chakula cha mchana kazini kwangu. Bia yangu ya kwanza imeiva."

Kazini kwake ni kiwanda kidogo cha bia pale Raskazone, chenye mgahawa mbele na mapipa ya chuma nyuma ya kioo. Alikuwa na mwaka mzima pale, nami sijakanyaga. Alijua kwa nini.

Wazazi wetu walifuata kazi ya mkonge, wakafia Maramba, baba kwanza, mama mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikashika chungu cha mama, nikapika boha, pombe ya miwa, na kwa chungu hicho wadogo zangu wawili wakasoma. Sharti langu lilikuwa moja: wasikisogelee. Yule wa kike akawa muuguzi. Huyu wa mwisho akasomea mambo ya vyakula hadi chuo kikuu, kisha akaja kuniambia, macho chini, kwamba amepata kazi ya kupika bia. Sikumfokea. Nilisema tu, "Haya." Nadhani neno hilo lilimuumiza kuliko matusi.

Kwa hiyo nilijua Jumamosi ile naitiwa nini. Alitaka niikubali kazi yake. Na kabla gari halijafika Muheza nilikwisha kuamua kwamba nitakunywa.

Nilivaa gauni langu la kanisani. Mdogo wangu wa kike alinipokea mlangoni, tukakaa karibu na kioo. Harufu iliyotoka kule nyuma ilinishtua: kimea, na ule utamu unaoanza kugeuka. Nilidhani kiwanda kitanuka sabuni, kumbe kinanuka kama uani kwangu. Mapipa yaling'aa, yana mabomba na vioo vya kupimia, ila hakuna aliyehitaji kunionyesha lipi lilikuwa linaumuka.

Chakula kikaja: changu wa kukaanga, wali wa nazi, kachumbari yenye ndimu.

"Pilipili yao haiwashi," mdogo wangu wa kike akasema.

"Kula. Umepikiwa, umeandaliwa, na bado unachagua."

Ndipo mpishi wetu wa bia akatokea, amevaa aproni na mabuti ya mpira, glasi mbili mkononi. "Shikamoo, Dada." Akaweka moja mbele yangu, moja mbele ya dada yake, akabaki amesimama.

Sikuigusa. Kwetu anayepika ndiye anayeanza kunywa. Mama alifanya hivyo, nami nimefanya hivyo miaka yote: kata ya kwanza naichota, naimeza mbele ya wateja, halafu wao wanapokea. Na mteja haombi. Kumwambia mpishi aonje ni kumwambia unamshuku amekutilia sumu. Basi ningesema nini? Nikaendelea kuchambua miiba ya samaki.

"Dada, itapoteza ubaridi."

"Naiona."

Mdogo wangu wa kike akanigusa mguu chini ya meza. "Kunywa bwana, usimwaibishe mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu nimemlea mimi."

Uso wa mdogo wangu wa mwisho ukashuka. "Kama hutaki, Dada, sikulazimishi. Nitakuletea soda." Akanyoosha mkono kuiondoa glasi. Alipoishika, mkono ukasimama. Akanitazama. Mimi nikaitazama glasi.

"Jamani!" akasema, akaanza kucheka. "Lakini hapa tumekatazwa kunywa mbele ya wateja."

"Na kwetu je?"

Akageuka kumwangalia meneja aliyesimama kaunta, kisha akainua glasi, akapiga funda kubwa, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, vilevile ninavyojifuta mimi. Chungu nilimkataza kukisogelea. Kumbe alikuwa anatazama kutoka mlangoni.

Akanirudishia glasi kwa mikono miwili. Nikanywa. Uchungu kwanza, halafu kitu ninachokijua.

"Umetia maganda ya machungwa."

"Ya Muheza," akasema, amebana pumzi.

"Nzuri. Ila umeiwahi. Ilitaka siku mbili zaidi."

"Mwenzio anangoja sifa!" mdogo wangu wa kike akalalamika, lakini glasi yake ilikuwa imefika nusu.

Mwenye bia hakulalamika. Alichomoa kalamu, akaandika "siku mbili" kwenye kiganja, kama alivyokuwa akiandika masomo yake. "Meneja ndiye aliyeniharakisha, Dada. Nilimwambia bado."

"Safari nyingine mwambie dada yako amekataa."

Nilimaliza samaki, nikamaliza na glasi. Kisha nikamwambia anipeleke nyuma ya kioo nikalione lile pipa linaloumuka. Akaenda mbio kunitafutia mabuti.