Ugonjwa wa Pilipili za Mama

Mama alikuja Birmingham mwezi wa kwanza, mjukuu wake akiwa na siku kumi na mbili, na kabla hajavua koti nilikuwa nimeshapandisha hita mpaka mwisho. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kuiona shida kabla haijatokea, na shida niliyoiona pale mlangoni ni mama wa miaka sitini na tatu kufa kwa baridi mtaani kwetu Sparkbrook kwa uzembe wa bintiye. Nilimnunulia sweta tatu, soksi za sufu na blanketi la umeme. Alishukuru kwa kila kimoja, akavaa vyote.

Mama ni mtu wa Wundanyi, kule milimani Taita. Baba, aliyekuwa ameshafariki siku hizo, alitoka Kwale, ndiyo maana sisi tulilelewa kwa Kiswahili. Mama amelima mboga maisha yake yote. Mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye nyumba yenye kiua cha saruji, ukamkataza kupika, kufua na kutoka peke yake, atajitafutia kazi. Haikupita wiki akachukua pilipili mbuzi niliyoleta kutoka maduka ya Ladypool Road, akaipasua, akaanika mbegu kwenye karatasi, kisha akaniuliza kama nchi hii ina udongo.

Mume wangu ndiye aliyetupeleka Aston, kwenye duka la taa za kukuzia mimea, katikati ya magereji. Nilimwambia muuzaji, mzungu mrefu aliyefunga nywele mkia, kwamba tunataka taa ya kuoteshea pilipili chumbani. Alitabasamu, akasema wateja wake wote wanalima pilipili, isipokuwa wale wa nyanya. Nikamweleza kwa kirefu kwamba hizi ni kali kweli kweli na ni za mama yangu. Akazidi kutabasamu. Tulipofika kwenye gari mume wangu alicheka mpaka akashindwa kuwasha injini, ndipo akaniambia mmea hasa unaofichwa vyumbani Birmingham ni bangi. Nilinuna mpaka nyumbani.

Iliota miche sita. Tuliiweka kwenye kichumba cha juu, ambacho ndicho kilikuwa chumba cha Mama: kitanda upande huu, na upande ule meza, taa na shamba lake. Ilipofika katikati ya Aprili miche ilikuwa na majani mapana na maua meupe yaliyoinama. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akazunguka meza akimweleza mazao yanavyoendelea. Nikiwa jikoni nikisikia sauti yake juu, nilijiona nina bahati kuliko watu wote wa mtaa ule.

Kisha maua yakaanza kudondoka. Siku ya kwanza matano, kesho yake kumi na moja. Yalikatikia shingoni bila kuacha dalili ya tunda. Majani ya juu yalikunja kingo zake kwenda juu, na ncha zikawa za kahawia, kavu, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Mama mwenyewe naye hakuwa sawa. Alikula nusu sahani, kichwa kilimuuma, midomo ikampasuka, akawa analala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilimpima presha, nikampima sukari, vyote vizuri. Nikaamua ni upweke, nikamwongezea chakula.

Siku ya tatu aliniita chumbani. Maua yalikuwa yametapakaa mezani. Alisema hajawahi kupanda kitu kikamkataa namna hii, na kwamba yeye anaona nchi yenyewe ndiyo haimtaki.

"Nibadilishie tiketi, mwanangu," alisema. "Nirudi mwisho wa mwezi huu."

Tiketi yake ilikuwa ya mwezi wa saba. Mimi nilikuwa narudi wodini mwezi wa tano, lakini si kazi iliyonifanya nijifungie bafuni nilie. Mtu wa kushika mtoto ningempata. Nilikuwa nimeishi miaka tisa bila mama yangu, nikampata kwa miezi mitatu, na sasa alikuwa anaondoka kwa sababu ya maua ya pilipili.

Mimi nikishalia hukasirika. Nilikata jani, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda basi mpaka Aston. Muuzaji aliligeuzageuza mwangani, na safari hii hakutabasamu hata kidogo. Aliniuliza maswali kama daktari anayejua kazi yake: ncha zilianza kuungua lini, udongo umefanya ukoko mweupe, miche inalishwa nini na mara ngapi. Ncha zilizoungua, alisema, ni dalili ya kulishwa kupita kiasi. Chumvi za mbolea zimejaa udongoni. Kingo kujikunja juu ni joto. Na mmea ukizidiwa na joto wakati wa maua, maua ndiyo huyaachia kwanza. Aliniuzia kipimajoto, akaniambia nimimine maji matupu mpaka yatokee chini ya vyungu, nisilishe chochote kwa wiki mbili, niiinue taa, na nizime hita ya chumba kile.

Jioni niliwakalisha Mama na mume wangu mezani, nikashika kalamu kama niko kwenye makabidhiano ya zamu, nikauliza nani anawapa nini wagonjwa hawa. Nilikuwa na hakika mkosaji si mimi. Mume wangu alikiri kwamba kila Jumamosi anatia mbolea ya chupa, vifuniko viwili badala ya kimoja, maana kimoja aliona ni uchoyo. Mama alikuwa anatia mbolea ile ile kila Jumatano bila kujua mkwewe anamsaidia. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kalamu, ilibidi nijiandike: nilikuwa natia kidogo kila nikipita, kwa siri, ili Mama afurahi. Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Nikapanda juu na kile kipimajoto. Meza ilikuwa imejaa, nikakiweka kwenye mto wa Mama, nikakunja nguo za mtoto nikisubiri. Nilipokitazama kilisoma thelathini na tatu. Nilikaa kitandani. Mama yangu alikuwa analala hapo, na sweta zake na soksi zake, baada ya kulazimishwa sahani ya pili. Kichwa, midomo, usingizi wa mchana: dalili zote nilikuwa nazo mkononi tangu mwanzo, nikakimbilia kumpima sukari. Niliona aibu sana.

Alipoingia nilimuuliza kama huwa anasikia joto humu ndani. Alitazama mlango kwanza.

"Nasikia joto tangu siku niliyofika," alisema. "Kwetu asubuhi natoka na umande miguuni, wewe si unajua. Lakini kila nikivua sweta, unanivalisha."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi kunivalisha."

Nilizima hita. Dirisha lilikuwa limegandishwa na rangi, ikabidi mume wangu aje na bisibisi. Tulisogeza miche mbali, tukafungua, na hewa ya Aprili ikaingia na harufu ya vitunguu vya jirani. Mama alivua sweta ya kwanza, akavua ya pili, akavua soksi, akakaa amejifunga leso yake, amefumba macho. Blanketi la umeme alilikunja vizuri akanikabidhi, akasema nimpe mtu mwenye shida.

Kesho yake tuliiosha miche yote sita bafuni. Wa mwisho mezani haukupona, lakini kwenye ile mingine maua yaliyofunguka baadaye yalishika, na baada ya majuma mawili Mama alinionyesha vitunda vya kijani visivyozidi punje ya dengu. Sikumuuliza habari ya tiketi. Niliogopa jibu. Nilimwachia jiko, na siku moja alitoka peke yake, akarudi na ndizi, akiwa ameshagombana na mwenye duka na kupatana naye.

Jumapili moja, nikipanda ngazi na mtoto, nilimsikia akiongea na mdogo wangu Wundanyi kwa ile kadi ya simu ya kukwangua. Alikuwa anamwagiza amwambie jirani aendelee kumchungia mbuzi, kwani yeye harudi mpaka mwezi wa saba. Bila shaka mdogo wangu aliuliza kuna nini.

"Dadako amejifungua," Mama alisema, "lakini yeye mwenyewe bado mtoto. Sijamaliza kumlea."

Nilikaa pale ngazini nikasikiliza mpaka kadi ikaisha.