Mji Alioutoa Yustina

Haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Nasema mapema kwa sababu najua utakavyonitazama. Mimi si mtu wa kupandisha mapepo. Nilikuwa mke wa fundi wa reli pale Kilosa, na kama kuna jambo nililojulikana nalo mtaani, basi ni kufunga chakula cha safari.

Usicheke. Kusafiri na watoto garini ni kazi, tena kazi nzito. Mayai ya kuchemsha usimpe mtoto kabla hajazoea mtikisiko, atakurudishia mapajani. Karanga za kukaanga unazificha mpaka walie. Miwa hapana kabisa, inanata kila mahali na maganda yake unayaokota wiki nzima. Mihogo ya kuchemsha, maandazi, ndizi mbivu mbili tatu, na chupa ya chai unayoishika mwenyewe. Hayo nilikuwa nayo yote siku ile.

Mume wangu alikuwa amenunua Peugeot kuukuu iliyokuwa ikitagiwa na kuku uani kwa mtu, akaifufua kwa mikono yake. Tulikuwa tunakwenda Ruhembe kwa mama yake, Bibi Yustina. Binti yetu mdogo tulimpa jina hilo hilo, na wawili hao walikuwa wanapendana mpaka mimi mama mtu nikaona wivu. Kaka yake Festo aliitwa kula kama watoto wengine, lakini Yustina alilishwa na bibi yake mkononi.

Ilikuwa Jumapili. Miaka ile ya Ujamaa mafuta yalikuwa taabu, na Jumapili ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi lilitakiwa liwe limeshaegeshwa. Kwa hiyo tuliondoka alfajiri. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi unaijua? Kama huijui, shukuru.

Mpaka Tindiga watoto waliimba nyimbo za shule. Baadaye wakahesabu nyani, wakagombana kwa sababu ya nyani. Tulipopita kijiji cha Ulaya tukamkuta mwanamke amesimama peke yake kando ya barabara, amejifunga kitenge cha bluu, hana hata kifurushi. Mume wangu akasimama. Siku zile kumpita mtu njiani na gari lako lina nafasi ilikuwa aibu, ungeitwa bepari. Yule mama akaingia nyuma, akakaa kati ya watoto.

Nikampa yai. Niamini, alilila na ganda lake. Watoto wakacheka, mimi nikawakanya, nikasema moyoni kwamba njaa haina adabu.

Sasa Yustina akaanza kulia, tumbo linamsumbua, na karanga zilikuwa zimekwisha. Ndipo mume wangu akasema, "Kitendawili!"

Watoto wakaitika, "Tega!"

Ngoja nikueleze. Mama mkwe wangu alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Kwake vitendawili ni vya usiku, watu wakiwa wamekula na mlango umefungwa. Mchana ni mwiko, maana hujui nani anasikiliza. Mume wangu alizoea kusema hayo ni mambo ya wazee ya kututisha tusiache jembe. Nami sikumzuia, kwa kuwa mtoto alikuwa amenyamaza.

Wakategana pale, kicheko kitupu. Asiyejua anatoa mji, aliyetega anajifanya ameutembelea, kisha anasema jibu. Festo alikwishatoa Tanga na Dodoma. Kisha yule mama, ambaye tangu apande hakuwa amesema neno zaidi ya salamu, akasema taratibu, "Kitendawili."

"Tega!"

"Unacho hukioni, ukinipa hukijui."

Wakajaribu. Kivuli? Siyo. Pumzi? Siyo. Jina? Siyo. Hata mume wangu alishindwa.

"Basi, nipeni mji," akasema.

Festo akampa Dar es Salaam.

"Huo si wako."

Akampa Morogoro.

"Na huo si wako. Nipeni mji wenu."

Nikageuka kumtazama, kwa sababu mchezo hauchezwi hivyo. Kabla sijafungua mdomo, Yustina, ambaye alikuwa anataka sana kusikia jibu, akasema, "Chukua Ruhembe! Chukua kwa bibi!"

Yule mama akamshika shavu. "Ahsante mwanangu. Nimeupokea." Jibu hakusema. Akamgusa mume wangu begani, akaomba ashukie pale pale, porini, ambapo hapakuwa na nyumba wala njia ya miguu. Tukamshusha. Nilipogeuka nyuma niliona barabara na vumbi letu tu.

Tulifika Ruhembe mapema, na njia nzima hakuna gari lililotupita. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona mwenzenu mmemwacha atangulie?" Mwenzetu gani? Akasema amepita mwanamke mwenye kitenge cha bluu. Ameingia bila kubisha hodi, amechota maji mtungini bila kuuliza kata ilipo, na kata huwekwa nyuma ya mlango, mgeni haijui. Ametokea mlango wa uani kama mtoto wa nyumba.

Bibi akapanua mikono, "Wajina wangu yuko wapi?"

Yustina akajificha nyuma ya sketi yangu. Akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Tulidhani anatania. Tukamzungusha nyumba nzima, tukamwonyesha mpera aliokuwa akiupanda na kitanda anacholalia na bibi yake. Alitazama kama mtu aliyeletwa kwa wageni. Akaomba twende kwa bibi, hapa hapataki.

Usiku nilimweleza mama mkwe kila kitu, na kile kitendawili. Akasema jibu la kitendawili ni nyumbani kwao mtu, na akalia. Safari hii mwanawe hakusema ni mambo ya wazee, alikuwa haachi kumwomba mama yake msamaha.

Mtoto tulimpeleka hospitali, tukampeleka kanisani akaombewa, na mahali pengine ambapo sitapataja. Hakuwa na ugonjwa. Shuleni alikuwa wa kwanza, alikumbuka safari yenyewe, alikumbuka hata yai na ganda lake. Ruhembe tu ndiyo haikuwamo kichwani mwake. Kila mwaka tulimrudisha, na kila mwaka aliuliza choo kiko wapi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuchoka. Alikuwa akimpa mkono na kumwambia, "Mimi naitwa Yustina, nimemzaa baba yako. Karibu ukae." Alimlisha kwa mkono wake, na binti akala kwa adabu, akashukuru kama unavyomshukuru jirani.

Bibi alifariki Yustina akiwa mtu mzima. Msibani aliosha vyombo, akachota maji, akawapakulia waombolezaji, hakuna aliyefanya kazi kumzidi. Wanawake wa Ruhembe wakaja kumpa pole kwa kufiwa na bibi yake. Nilimsikia akiwajibu, "Ahsanteni, ila mimi nimewasindikiza wazazi tu."

Nilitoka nje nikalia mpaka nikakaukiwa na machozi.

Kwa hiyo wewe unayepakia watoto garini, nisikilize. Beba mayai, beba karanga nyingi kuliko unavyodhani. Waimbishe, wahesabishe nyani, wakigombana waache wagombane. Kitendawili mchana, tena mbele ya mtu usiyejua ametoka wapi, usithubutu. Na kama umechelewa, mtoto ameshategewa na anaombwa mji, mzibe mdomo kwa kiganja chako, hata akikuuma.